Toyota HiAce ya kulala au gari la saluni: ipi haikutupi siku ya kuuza?

Ukiwa Nakuru na pesa zako mkononi, saluni, yaani gari dogo la kawaida, ndiyo rahisi kununua. Inakunywa mafuta kidogo, na kila fundi mtaani anaijua. Tatizo ni siku ya kuuza. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo kila mwaka saluni changa zaidi zinashushwa Mombasa, na yako inazidi kuonekana kizee.

HiAce iliyotiwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji haina msururu huo nyuma yake. Karibu kila moja imetengenezwa na seremala na fundi wake, na anayeitaka atalipia pia zile wiki ambazo hatazipoteza akikimbizana nao. Halafu kuna matatu. Kwa sababu yao, vipuri vya HiAce havikosekani kuanzia hapa hadi Kisumu, na ukikosa mteja wa kambi, ng'oa kitanda uuze kama gari la mizigo. Hiyo ndiyo sakafu ya bei, yaani kiwango ambacho haishuki chini yake kwa urahisi, na saluni haina.

Mimi ningechukua HiAce, lakini si yoyote. Inua godoro, upapase mbao pembeni mwa dirisha. Zikiwa laini kama mkate uliolowa, maji yamekuwa yakiingia, na kutu iko chini yake. Kilomita nyingi hazinitishi sana. Mbao hizo ndizo hunirudisha nyumbani.

Kwa kwenda kazini mjini kila siku, basi, saluni tu.