Mguu wa kudarizia kwenye cherehani ya kukanyaga, baada ya miezi minne

Ni kitu kidogo: chuma chenye springi, mkono mwembamba unaolala juu ya skrubu ya sindano, na chini kipete cha plastiki angavu. Nimeununua Kariakoo kwa shilingi 12,000, na kwa mtu anayejifunza kushonea mfarishi (tandiko la vitambaa vya tabaka) michoro kwa kukizungusha kitambaa mwenyewe, nasema ununue.

Ila pima kwanza. Huu wangu ni wa pili. Wa kwanza niliuziwa duka jingine, kijana akaniapia, "Dada, huu unaingia mashine yoyote." Kufika nyumbani, ukagota kwenye sahani, kile kibati cha chini ya sindano, hata skrubu sijaifunga, na kurudishiwa hela ikawa hakuna. Teremsha mguu wako wa kawaida, weka rula kutoka sahani hadi katikati ya skrubu inayoushika. Ikiwa nusu inchi hivi, omba wa shina fupi. Ikiwa inchi nzima, omba wa shina refu.

Kazi hii haitaki yale meno ya chini ya mguu yavute kitambaa, wewe ndiye unayekisukuma. Meno ya cherehani yangu hayashuki, kwa hiyo nimeyafunika kwa ile kadi ya plastiki inayobaki ukishatoa laini ya simu. Nimeitoboa tundu la sindano na kuibandika kwa seloutepu. Inateleza vizuri sana.

Wiki ya kwanza nilikaribia kukata tamaa. Kila nikigeuza kazi, chini uzi umejisokota kama kiota cha ndege. Nilibadilisha uzi, nikaweka sindano mpya namba 14, wapi! Kumbe mguu huu hata ukiwa chini haukandamizi kitambaa, unaelea, basi mkono unasahau kuteremsha wenzo wa nyuma, ule wa kuinulia na kushushia mguu. Wenzo ukibaki juu, uzi wa juu haukazwi na kitu. Siku hizi nashusha wenzo, navuta uzi wa bobini uje juu, nashika ncha zote mbili, ndipo nakanyaga.

Urefu wa mshono unatokana na miguu na mikono kusikilizana. Mikono ikikimbia huku unakanyaga polepole, unapata mishono mirefu kama bandi. Mikono ikilala, uzi unarundikana. Na gurudumu likirudi kinyumenyume, hata kidogo, uzi unakatika.

Wengi huanzia kwenye mstari wa kuzungukazunguka usiojikata. Mimi ulinishinda, jicho halikujua liende wapi. Nikatandaza marekani chini, blanketi jembamba katikati, kanga chakavu juu, nikabana kwa pini na kufuata korosho za kwenye pindo. Korosho inakufundisha yenyewe: tumbo pana la kukuzoesha mwendo, shingo inayobana, kisha ncha iliyopinda. Hapo kwenye ncha ndipo penye kazi. Mikono inataka kusimama na miguu bado inakwenda, kinabaki kifundo cheusi kama punje ya ufuta. Nimejifunza kuikaribia ncha nikipunguza vyote viwili pamoja, sisimami, nageuka. Korosho kumi za mwanzo zilikuwa vichekesho vya watoto wangu. Safu ya tatu binti yangu mkubwa aliuliza kama nimemlipa fundi.

Kasoro za mguu ni mbili. Springi ni ngumu, inagonga kwa kelele, usiku siwezi kushona watoto wakiwa wamelala. Na kipete kimeziba mbele, huuoni mstari unaoufuata. Hiyo ya pili fundi mmoja jirani aliimaliza kwa msumeno mwembamba na msasa, akafungua mwanya mbele. Ukiupata uliokwishafunguliwa kiwandani, chukua huo hata kama umezidi bei kidogo.

Sasa uko mezani mfarishi wa kichanga wa wifi yangu, wa kanga ya njano na nyeusi. Umebaki upande mmoja wa pindo, korosho kumi na nane, naye anajifungua mwezi ujao.