Kipimo cha mkojo kurudi kwenye figo: chumba cha picha safi, dirisha la malipo balaa

Wenye watoto wanaoandamwa na UTI ya homa, someni. Binti yangu wa miaka mitatu alikuwa anachemka bila mafua wala kikohozi, malaria hana, lakini mkojo ukipimwa una wadudu. Anapewa dawa, anapona, homa inarudi. Ndipo tukaandikiwa kipimo hiki, kwenye hospitali moja kubwa hapa Dar. Jina silitaji, barua yangu ya malalamiko bado iko mezani kwao.

Nilikuwa mbishi kidogo: altrasaundi ilitoka safi, picha nyingine ya nini? Daktari akachukua kalamu akanichorea. Mrija unaotoka kwenye figo unaingia kwenye ukuta wa kibofu kwa mshazari, kwa hiyo kibofu kikijaa, ukuta unaubana na mkojo haupati njia ya kurudi. Kwa watoto wengine ile sehemu inayopita ndani ya ukuta ni fupi, haibaniki vizuri. Mkojo unapanda juu pamoja na wadudu wake, na figo ikishambuliwa mara kwa mara inabaki na makovu. Altrasaundi inaweza kuonyesha figo nzuri kabisa na mkojo bado unarudi.

Kipimo chenyewe sasa. Mzazi mmoja anaruhusiwa kuingia, anavalishwa aproni nzito ya madini ya risasi. Mjamzito haingii, kwa sababu ya mionzi. Nesi aliweka mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo kwa jeli, taratibu, huku akimuuliza habari za paka wa nyumbani. Binti alilia wakati unaingia, kisha basi. Dawa ya rangi, inayoonekana kwenye eksirei, ikashuka kutoka kwenye chupa iliyotundikwa mpaka kwenye kibofu. Walihesabu umri, wakaongeza mbili, wakazidisha kwa 30: kibofu cha mtoto wangu ni kama mililita 150. Kazi ikawa kumkojoza palepale kwenye meza ya eksirei, maana picha muhimu ni ile ya wakati anakojoa. Akakataa katakata. "Mama umesema tusikojoe kitandani!" Chumba kizima kikacheka. Nesi akafungulia bomba, akammwagia miguuni maji ya uvuguvugu, na mkojo ukatoka. Kwenye skrini nikaona kimstari cheupe kinapanda upande wa kulia mpaka kwenye figo.

Daraja la 2 kati ya 5: unafika kwenye figo ila haijavimba. Kwa madaraja ya chini, wengi hupona wenyewe wakikua. Hakuna kisu. Tumepewa antibayotiki kidogo kila usiku, aende chooni mara kwa mara, na asiachwe na choo kigumu, kwa sababu nacho kinachangia. Daktari aliuliza pia kama ana ndugu, hali hii hutembea kwenye familia.

Mapokezi ndiyo yaliyonichosha. Dirisha la kwanza linakutuma la tatu, la tatu linataka muhuri wa la kwanza, kadi ya bima inazungushwa na mtoto ana njaa. Choo cha watoto hakina sabuni, kwenye kitengo cha magonjwa ya mkojo jamani! Bebeni sabuni, vitafunwa na khanga ya kubadilisha. Mkojo wa kwanza baadaye unachoma kidogo, mpeni maji mengi. Akipata homa, rudini haraka.

Chumba cha picha nyota tano. Mapokezi mbili, na hapo nimewahurumia.