Fast and Furious uanze na ipi? Mimi nasema fuata namba tu

Kila mtu akitaka kuanza hizi muvi za Fast and Furious kuna ugomvi mmoja hauishi, Tokyo Drift, yaani ile ya 3, inakaa wapi? Zipo kumi mpaka sasa, kumi na moja ukiweka na ile ya pembeni ya Hobbs na Shaw, ya kwanza ilitoka 2001 na ya kumi 2023, na wajuaji watakwambia usithubutu kufuata namba, angalia 1, 2, 4, 5, 6 halafu ndo urudi ya 3 kisha uunganishe na 7. Nimeziangalia kwa njia zote mbili na rivyuu yangu ndo hii: huo mpangilio wao ni mzuri kwa mtu anaerudia, mgeni unamharibia utamu kabisa. (Humu nataja nani anakufa, kama hujaangalia hata moja soma kwa tahadhari tusije laumiana.)

Hoja yao naielewa lakini. Han, yule jamaa mpole anaetafuna vitu muda wote, anapata ajali anakufa Tokyo kwenye ya 3 iliyotoka 2006, halafu ya 4, 5 na 6 yupo mzima wa afya anapiga dili na kina Dom, yule mkuu wa genge anaeigizwa na Vin Diesel. Kwa hiyo kwa mtiririko wa stori hizo tatu zimetokea kabla ya ile ya Tokyo, hapo hawajakosea. Tatizo ni kwamba waliotengeneza hizo tatu walijua fika mtazamaji kashamuona Han anakufa na wanamchezea makusudi. Cheki ya 5 mwishoni, Han yuko barabarani na mpenzi wake Gisele kwenye gari, dada anamuuliza si ulikuwa unataka kwenda Tokyo, jamaa anajibu kiroho safi kwamba tutafika tu. Aliefuata namba hapo anasema weee usiende huko! Aliefuata wajuaji anaona watu wanapiga stori tu gari inatembea.

Sasa mbaya zaidi ni ya 6. Majina yakianza kupanda usizime, kuna kipande kinatokea cha mitaa ya Tokyo, ile gari ya Han, RX-7 ya rangi ya chungwa na nyeusi inagongwa ubavuni na Mercedes, na anaeshuka kwenye Mercedes ni Jason Statham, ndo huyo Shaw. Watu walikaa miaka saba wanajua ile ilikuwa ajali ya kawaida kumbe mtu kauliwa, kumbi za sinema zilipiga kelele hapo. Ukienda kwa mpangilio wa wajuaji unakutana na hicho kipande hujawahi kuiona Tokyo, so umeshajua Han anakufa, anakufaje, na kauliwa na nani, halafu ndo unaambiwa haya sasa kaa uangalie muvi nzima Han akimfundisha dogo Sean kuteleza na gari. Utaangalia nini hapo zaidi ya kusubiri msiba?

Halafu kuna kitu kingine hawakisemi. Kwenye ya 7 Dom anaenda Tokyo kuonana na Sean, na stori inataka tuamini ni usiku uleule ilipoishia ya 3. Ila Lucas Black anaeigiza Sean kashaongezeka miaka tisa, yaani dogo wa shule kapepesa macho kawa baba mwenye nyumba 😂 Ukifuata namba kuna muvi tatu katikati, sura ya zamani umeshaisahau, unapita tu. Ukizibandika 3 na 7 pamoja kama wanavyotaka wao, unaiona laivu. Na simu za kufunua za 2006 zikitokea baada ya mitambo yote ya ya 6 nazo zinachekesha.

Ya 2 wengi wanairuka kisa Vin Diesel hayupo. Usiruke. Humo ndo wanaingia Roman na Tej, bila hao huko mbele hakuna wa kukuchekesha, na yule Monica wa Eva Mendes ndo anakuja kuleta faili la Letty, mpenzi wa Dom, kwa yule askari Hobbs mwishoni mwa ya 5, usipomjua utabaki unauliza huyu mama katoka wapi. Kabla ya ya 4 kuna fupi inaitwa Los Bandoleros kaiongoza Vin Diesel mwenyewe, kama dakika 20 hivi, ukiipata angalia, ukikosa hujapoteza kitu.

Kwa pointi, mimi juu kabisa naiweka ya 5, wizi wa sefu pale Rio, hapo ndo ziliacha kuwa muvi za mashindano ya mtaani zikawa muvi za kupiga matukio. Ya 7 inafuata, Paul Walker aliekuwa anaigiza Brian, rafiki wa Dom, alifariki Novemba 2013 kabla hawajamaliza kushuti, wadogo zake wawili wakasimama badala yake, na mwisho wake hata wababe wanafuta machozi. Kama huna muda mwingi unaweza kukomea hapo kabisa.

Ya 8 mimi ilinikera, Statham yuleyule aliemuua Han anakaribishwa mezani kwenye nyama choma ya familia! Mashabiki walichachamaa kweli kumdai Han haki yake, na ya 9 ndo ikaja na majibu, majibu yenyewe hayana kichwa wala miguu ila Han tumempata. Hobbs na Shaw iweke popote baada ya 8, ni ya kula nayo bisi tu.

Ila Fast X, yaani ya 10, usiingie kichwakichwa. Inaanza kwa kurudia ule wizi wa sefu na kumchomeka Jason Momoa ndani yake, mtoto wa yule Reyes aliyeibiwa, kwa hiyo irudie ya 5 siku moja kabla. Na inaishia hewani, ujiandae kutukana.