Santuri inayoruka palepale: duka la mtumba, mimi, na mtunzi wa "Takarajima"

Nilikuwa nimeapa kwamba sitaandika chochote kuhusu duka hili, kwa kuwa mtu mzima hapaswi kugombana na wauza santuri za mtumba kwa sababu ya santuri moja ya yeni 1,800. Leo nimevunja kiapo. Juzi usiku sindano imeruka tena palepale inaporukia siku zote, na hasira niliyodhani imekwisha ikachemka upya kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni.

Duka lenyewe liko Tokyo, ghorofa ya pili ya jengo jembamba, na kwa macho halina kasoro. Ni safi, santuri zimepangwa kwa herufi, na kila moja imetiwa kwenye mfuko wa plastiki wenye kijikaratasi kinachotaja hali yake. Yangu iliandikwa B, yaani imetumika lakini bado nzuri. Ilikuwa "S・P・O・R・T・S" ya mwaka 1986, kazi ya bendi iliyojiita The Square kabla ya kujulikana kama T-Square, na bado ilikuwa na ule mkanda wa karatasi unaovishwa ubavuni mwa jalada, ambao Wajapani wanauita obi na ambao ukiwepo hupandisha bei, sawa na gari la mtumba lililofika bandarini na karatasi zake zote.

Niliinunua kwa ajili ya wimbo mmoja tu. Unaitwa "Takarajima", yaani kisiwa cha hazina, na mtunzi wake ni Hirotaka Izumi, mpiga kinanda aliyejiunga na bendi hiyo mwaka 1982 na kuondoka mwaka 1998. Wimbo hauna maneno hata moja. Kwetu Unguja jambo hilo halimshangazi mtu, kwa sababu taarab ya zamani hufunguliwa kwa bashraf, ambapo fidla, ganuni na udi huzungumza peke yake kabla mwimbaji hajasimama. Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa mpiga fidla, alizoea kusema kwamba asiyeweza kutulia wakati wa bashraf hakuja kusikiliza, amekuja kutunza. Nimelikumbuka neno lake mara nyingi tangu nianze kuusikiliza muziki huu wa Wajapani, ambao watu huuita jazi fyusheni, yaani jazi iliyochanganywa na roki, na ambao wenye haraka huuona kuwa ni muziki wa kupandia lifti. Hao wangekaa nao dakika tatu tu wangeona aibu.

Jioni ileile niliiweka santuri kwenye mashine. Upande ulianza vizuri, mikwaruzo midogo ya kawaida, sauti nene na yenye joto. Ulipofika wimbo wangu nilizima taa ya sebuleni, jambo ambalo sasa naona haya kulisimulia. Basi sindano ilipofika mahali ambapo kiitikio kinarudi kwa mara ya mwisho, pale ambapo mtu mwenye akili timamu hushusha pumzi na kujiandaa, nikasikia "tak", na mpulizaji Takeshi Itoh akajikuta ameshafika katikati ya sentensi ambayo hakuianza. Mzunguko mmoja wa santuri ya aina hii huchukua chini ya sekunde mbili. Hicho ndicho kilichopotea, mzunguko mmoja, na ulikuwa mzunguko uleule niliotoa pesa kwa ajili yake.

Niliisafisha kwa kitambaa laini na maji yaliyochujwa. Nikaongeza uzito wa mkono wa sindano kidogo, kisha nikafanya lile kosa ambalo wenye santuri hulikana mbele za watu, yaani kubandika sarafu ndogo juu ya mkono. Ilirukia palepale. Nilipoiinamisha santuri chini ya taa ya mezani nikaliona kosa lenyewe, mchirizo mwembamba kama unywele uliokatiza njia kwa mshazari, na nilipopitisha ukucha juu yake, ukucha ulikwama. Mchirizo unaokwamisha ukucha hauwezi kuitwa B na mtu aliyeitazama santuri. Ama hakuitazama, ama aliitazama na kuamua kwamba mnunuzi hataitazama.

Nilirudi dukani baada ya siku chache, labda wiki. Mhudumu alikuwa kijana aliyevaa aproni nyeusi. Nilimsalimu kwa Kijapani, lugha ninayoitumia kazini kutwa nzima, naye akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Nikamweleza tatizo kwa Kijapani, naye akaendelea na Kiingereza chake, hivyo tukazungumza kama watu wawili wanaorushiana mpira juu ya ukuta. Haki yake nimpe: aliichukua santuri, akaiweka kwenye mashine ya duka, akashusha sindano taratibu kabla ya mahali nilipomwonyesha. "Tak." Tulisikia sote wawili, na bwana mmoja aliyekuwa akipekua santuri nyuma yetu aligeuza shingo. Nikadhani kesi imekwisha.

Kijana akaikunja mikono yake kifuani kwa umbo la msalaba, ishara ambayo huko hutumika kumaanisha haiwezekani, kisha akaonyesha mstari mdogo chini ya stakabadhi: bidhaa za mtumba hazipokelewi malalamiko wala hazirudishwi. Halafu akainama kwa heshima zote. Ambaye hajawahi kukataliwa kwa kuinamiwa hajui jinsi adabu inavyoweza kukufunga mdomo. Hakupaza sauti, hakukunja uso, kwa hiyo hukuachiwa hata mahali pa kushikia ugomvi. Hata hilo ningelimeza. Lakini alipokuwa akiirudisha santuri mfukoni alilitazama jina la wimbo na kusema, safari hii kwa Kijapani safi, kwamba wimbo huu si ndio ule wa bendi za shule, mbona naweza kuusikia bure popote.

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli.

Nieleze kwa nini, maana msomaji asiyeujua wimbo anaweza kuona kwamba kijana hakusema neno baya. Hirotaka Izumi ni miongoni mwa watunzi ambao tungo zao zinajulikana na taifa zima ilhali wao wenyewe wamekaa nyuma ya kinanda, upande wa jukwaa ambako taa hazifiki sana. Mtu wa kawaida wa Japani akitajiwa T-Square hukumbuka magari ya mashindano, kwa sababu "Truth", uliotungwa na mpiga gita wao Masahiro Andoh, ulitumiwa na televisheni ya Fuji katika matangazo ya Formula One kuanzia mwaka 1987. Akiusikia "Takarajima", hukumbuka bendi ya shule yake. Hiyo nayo ina chanzo: Toshio Mashima aliupanga upya kwa ajili ya bendi za ala za kupuliza, kama alivyoupanga "Omens of Love", utunzi mwingine wa Izumi wa mwaka 1985, na mipangilio hiyo ikasambaa katika shule na vikundi vya mitaani kiasi kwamba watoto wengi wa huko wanaujua wimbo kwa vidole kabla ya kujua kwamba ulikuwa na wenyewe. Gita lilichukua jina la bendi, bendi za shule zikachukua wimbo, na mpiga kinanda akabaki na herufi ndogo kwenye jalada. Alifariki tarehe 26 Aprili 2021, akiwa na umri wa miaka 62. Kisha kijana wa aproni anakuja kuniambia kwamba ni wimbo wa watoto wa shule.

Nilitoka pale nikiwa nimeshaitunga hukumu kichwani: nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakuna nafasi ya kuweka sifuri.

Sasa lazima nikiri kilichotokea baadaye, ingawa kinaniharibia kesi. Sikumbuki vizuri ulikuwa mwezi gani, lakini mvua za huko zilikuwa zimekwisha, kwa sababu nilikwenda kwa miguu. Mwenzangu wa kazini alinialika kwenye onyesho la bendi ya shule ya sekondari anayosoma binti yake, katika ukumbi wa manispaa. Nilikwenda kwa heshima tu. Walipiga mambo mazito kwa saa moja na zaidi, watoto wamekaa wima kama askari, kisha ukumbi ukaomba nyongeza na msichana mmoja wa nyuma akaishika kengele ya agogo na kuanza kuigonga. Watoto wale waliokuwa wamekauka wakaanza kuyumba mabega. Huo ulikuwa "Takarajima". Palipofika zamu ya saksafoni, mvulana mwembamba mwenye miwani akasimama, akapiga yake huku masikio yamemwiva kwa woga, na kabla hajakaa ukumbi ulikuwa umeshapiga makofi. Baadaye bendi nzima ikaingia ile sehemu ambayo wote hupiga noti zilezile kwa kasi, tarumbeta kwa filimbi, na nusu yao walikosea na hakuna aliyejali. Nimekulia mahali ambapo matarumbeta hupita mbele ya nyumba siku ya harusi, na nilihisi kitu kilekile kifuani.

Nilifungua karatasi ya ratiba kutafuta jina. Lilikuwepo: Izumi, mtunzi, Mashima, mpangaji. Kwa hiyo kijana wa dukani alikuwa amesema kweli, wimbo ule ni wa bendi za shule, na pengine alisema kwa mapenzi, pengine yeye mwenyewe aliwahi kusimama mahali pa yule mvulana mwenye miwani. Usiku ule nilikuwa tayari kumpa nyota tatu.

Na kuna jingine. Kwa sababu santuri yangu haina zile sekunde mbili, ilinibidi nizitafute. Nina kinanda kidogo cha funguo 61, ambacho kwa miaka kilikuwa meza ya kuwekea nguo, nami nikaanza kujifunza kiitikio kile kwa sikio, nikikisia kutoka katika picha za maonyesho ya bendi yaliyorekodiwa. Hapo ndipo nilipojua ninapambana na nani. Ukiusikiliza tu, wimbo unaonekana rahisi, unaweza kuupigia mluzi ukishuka kwenye treni. Ukiukalia na vidole, unagundua kwamba sauti karibu zote zinatangulia mdundo kidogo, zinafika mlangoni kabla hazijabishiwa hodi, na mkono wa kushoto ukijaribu kuzifuata unaachwa. Ilinichukua majuma kuuzoea. Siku nilipoupata sawasawa nilitambua kwamba Izumi hakuandika sauti nzuri na kuitafutia mapigo. Mapigo ndiyo yanayoisukuma sauti itoke. Baada ya hapo nilizitafuta kazi zake nyingine: "Twilight in Upper West" ya mwaka 1988, ambayo inakwenda polepole hadi unasikia mtu akifikiri, na zile alizopiga miaka ya baadaye katika kundi la PYRAMID pamoja na mpiga gita Yuji Toriyama na mpiga ngoma Akira Jimbo. Sijaona hata moja ambayo inamtaka msikilizaji amwangalie mpiga kinanda. Anakuandikia njia, kisha anampa mwingine aipite.

Je, haya yote ningeyapata kama santuri ingekuwa nzima? Sidhani. Ningezima taa, ningesikiliza, ningekwenda kulala. Kwa hesabu hiyo duka linanidai mimi.

Lakini ngojeni. Kuna jambo ambalo nimelificha mpaka sasa, na kwa kuwa nimeapa tena, safari hii kusema yote, nitalisema. Siku ile ya kununua, yule yule kijana aliniuliza kama ningependa kuisikiliza santuri kabla ya kulipa. Kuna kona yenye mashine na vipokea sauti kwa kazi hiyo hasa. Nilimwambia hapana, nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Niliogopa kwamba mtu mwingine ataiona ile obi na kuitaka. Ningekubali dakika kumi tu, ningeisikia "tak" hukohuko na kuirudisha kwenye pipa. Nikilifikiria hilo, hasira yangu inakosa miguu.

Hata hivyo sioni kwamba hilo linaifuta ile alama ya B. Kosa langu ni uroho, kosa lao ni maandishi, na maandishi ndiyo niliyolipia. Kama wangeandika D wakaiweka kwenye pipa la vitu vibovu kwa yeni 300, ningeichukua vilevile, ningeifurahia vilevile, na mkono wa kijana usingehitaji kukunjwa kifuani mbele ya bwana yule aliyegeuza shingo. Kinachoniuma hasa ni kwamba alisikia. Alishusha sindano mwenyewe, akasikia kiitikio kikikatwa shingo, na uso wake haukubadilika. Mtu anayeujua wimbo ule tangu shuleni angekunja uso hata bila kutaka; ni kama kumkata muadhini katikati.

Kwa duka, basi, ni nyota mbili. Moja ni ya kona ya kusikilizia, ambayo nawasihi muitumie hata kama kuna foleni nyuma yenu, na nyingine ni ya zile sekunde mbili nilizolazimika kuzitafuta kwa vidole vyangu. Nilikuwa nimeandika tatu. Nimeifuta moja sasa hivi, kwa sababu santuri iko kwenye mashine wakati naandika, na imeruka tena. Stakabadhi bado ninayo.