Filamu za Majasusi na Manowari za Uingereza: Ipi Inunuliwe Kwanza

Mtu anayetaka kununua filamu za kale za Uingereza kuhusu majasusi na jeshi la majini wakati wa vita atakuta makasha karibu yote yana picha ile ile ya manowari inayofuka moshi, na nyuma yake sifa zile zile za ushujaa. Kigezo ninachopendekeza ni kutazama kwanza mwaka ambao filamu ilitengenezwa, na ndipo mwaka wa tukio linalosimuliwa. Filamu ya mwaka 1942 ni kazi ya watu ambao hawakujua kama nchi yao ingesalimika, ilhali ile ya mwaka 1960 ni kazi ya washindi ambao manowari zao zilikuwa zikiuzwa kama vyuma chakavu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi achunguze deki yake. DVD hufungwa kwa ukanda, yaani zichezwe katika deki za eneo fulani la dunia tu; nyingi zinazouzwa Uingereza ni za ukanda namba 2, na Afrika Mashariki imewekwa katika ukanda namba 5, kwa hiyo deki ambayo haikufunguliwa kwa diski za kila ukanda huweza kuzikataa. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa Afrika na Ulaya zimo katika ukanda mmoja, yaani B. Matoleo ya Marekani, ambayo mengi ni ya ukanda A, yaepukwe hata yakiwa ya bei nafuu. Mtego mwingine ni majina. Huko Marekani The Spy in Black iliitwa U-Boat 29, Contraband ikaitwa Blackout, na The Battle of the River Plate ikaitwa Pursuit of the Graf Spee, hivyo mtu asiye na habari anaweza kulipia filamu moja mara mbili. Ni vyema pia kuchagua toleo lenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha, kwa sababu maofisa wa filamu hizi huzungumza haraka na bila kufungua vinywa sawasawa.

Nafasi ya kwanza naipa The Spy in Black ya mwaka 1939, iliyoongozwa na Michael Powell na kuandikwa na Emeric Pressburger, ikiwa kazi yao ya kwanza ya pamoja. Kisa chake ni cha Vita vya Kwanza: nahodha wa nyambizi ya Ujerumani anatumwa kwa siri katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, ili apate taarifa za manowari za Uingereza zilizotia nanga Scapa Flow. Filamu ilianza kuonyeshwa Uingereza wiki chache kabla ya vita vipya, na tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo nyambizi halisi ya Ujerumani, U-47, ilipenya Scapa Flow na kuizamisha manowari Royal Oak, ambapo zaidi ya watu 800 walikufa. Hata hivyo, thamani ya filamu haitokani na sadfa hiyo peke yake. Nahodha wa adui anaigizwa na Conrad Veidt, Mjerumani aliyewakimbia Wanazi, naye anampa mhusika huyo heshima kubwa kiasi kwamba mtazamaji hujikuta akimtakia mema jasusi wa upande usio wake. Filamu za baada ya vita hazikuthubutu mara nyingi kufanya hivyo.

Ya pili ni The Cruel Sea ya mwaka 1953, ambayo haina jasusi hata mmoja na ambayo inavunja kidogo kigezo changu, kwa kuwa ilitengenezwa baada ya ushindi bila kujigamba hata kidogo. Jack Hawkins ni kamanda wa Compass Rose, meli ndogo inayosindikiza misafara ya meli za mizigo katika Atlantiki. Kuna tukio ambalo chombo cha kusikilizia kinaashiria nyambizi chini ya mabaharia wa Uingereza wanaoelea majini wakisubiri kuokolewa, na kamanda analazimika kuamua kama atadondosha mabomu hapo hapo. Kwa tukio hilo pekee bei ya diski imelipwa.

The Man Who Never Was ya mwaka 1956 inafuata. Inasimulia jinsi idara ya ujasusi ya jeshi la majini ilivyoivika maiti sare ya ofisa, ikaifungia mkoba wenye barua za uongo, na kuiachia majini karibu na Huelva, Hispania, kutoka nyambizi Seraph mwezi Aprili 1943, ili Wajerumani waamini kwamba shambulio lisingelenga Sicily. Ewen Montagu mwenyewe, aliyeendesha mpango huo, anaonekana kwa muda mfupi akiigiza ofisa anayeutilia shaka mpango wake. Jasusi kutoka Ireland anayezurura London katika nusu ya pili ni wa kubuni. Filamu hii ilipigwa kwa picha pana, kwa hiyo toleo linalojaza kioo cha runinga ya zamani limekatwa pande zote mbili na halifai.

Contraband ya mwaka 1940 ni nyepesi na ya kuchekesha, na inafaa ikiwa imefungashwa pamoja na The Spy in Black. In Which We Serve ya Noël Coward na David Lean, ya mwaka 1942, inatokana na manowari Kelly iliyozamishwa karibu na Krete mwaka 1941. Ni nzito na ya dhati, ila hotuba zake ni ndefu.

The Battle of the River Plate ya mwaka 1956 ina rangi nzuri na inaanza na meli ya mafuta Africa Shell, ambayo Graf Spee, manowari ya Ujerumani, iliizamisha karibu na pwani ya Msumbiji mwaka 1939. Malkia Elizabeth II alihudhuria onyesho lake tarehe 29 Oktoba 1956, siku ambayo mgogoro wa Suez uligeuka vita.

Mwisho kabisa ni Sink the Bismarck! ya mwaka 1960. Ilipigwa kwa msaada wa Vanguard, manowari kubwa ya mwisho ya Uingereza, iliyopelekwa kuvunjwa mwaka huo huo. Filamu inakomea kwenye ushindi wa Mei 1941, Bismarck, manowari ya Ujerumani, ilipozama. Lakini Dorsetshire, manowari ya Uingereza iliyoipiga Bismarck topido za mwisho, ilizamishwa na ndege za Japani mwezi Aprili 1942, na kundi lake la manowari likarudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa, ambako wavunja misimbo, yaani wafumbuaji wa ujumbe wa siri wa adui, waliwekwa katika shule ya Allidina Visram. Hadithi hiyo haimo katika kasha lolote kati ya haya, na kwa ajili ya Bismarck peke yake nisingelipa zaidi ya bei ya punguzo.