Niliwapokea wanafunzi wa utafiti wa mazingira gesti yangu Lamu: watoto nyota 5, shirika lao nyota 2

Naandika hii kwa wenye gesti na mikahawa hapa Amu na Shela maana najua mtapigiwa simu kama nilivyopigiwa mimi. Kuna shirika linaunganisha biashara na wanafunzi wa chuo kikuu wa mwaka wa mwisho, wanakuja kwako wanafanya utafiti wa uendelevu, yani maji, taka, stima, wewe unapata ripoti na wao wanapata maksi. Jina la shirika silitaji, sitaki maneno. Hawachaji pesa, ila malazi na chakula ni juu yako wiki mbili, na watoto wa chuo wanakula wallahi, sufuria ya wali wa nazi ilikuwa hairudi na ukoko.

Walikuja watatu, wasichana wawili na kijana mmoja. Siku ya kwanza wakatoa dodoso walilopewa na shirika, maswali kurasa na kurasa, swali la sita linauliza gari la biashara linatumia petroli lita ngapi kwa wiki. Gari! Mkomani hapa, mtaa ambao gari halipiti! Mimi nacheka, wao wanacheka, yule kijana akafuta akaandika "punda" halafu akaniuliza kwa heshima kabisa, mama, punda tumuandike anatumia nini. Hapo nikajua aliyeandaa hili dodoso hajawahi kupita na mzigo kwenye vichochoro vyetu.

Lakini kazi yenyewe, kusema haki, waliifanya. Kila asubuhi wanamwaga pipa la taka uani juu ya turubai, wamevaa glavu, makombo huku, plastiki huku, karatasi huku, wanapima kwa mizani ya kutundika, ileile ya samaki niliyoazima kwa jirani. Mfanyakazi wangu wa jikoni alikuwa anaona kinyaa mpaka siku ya tatu akaanza kuwasahihisha, hapana hilo ganda la nazi si taka, hilo ni la kuwashia moto.

Na kuna hii ya choo ambayo sitaisahau. Msichana mmoja alilala chumba cha juu, asubuhi akaniambia mama, usiku kucha nasikia maji kwenye tanki la choo. Nikamwambia limekuwa hivyo tangu zamani, utazoea. Akachukua jagi la lita moja akakinga pale panapovuja, simu mkononi inahesabu dakika. Dakika tisa jagi likajaa. Akapiga hesabu mbele yangu, lita 160 kwa siku, mitungi minane ile ya lita 20, yani mzigo wa punda wawili unaingia chooni kila siku na hakuna aliyeoga wala aliyepika. Nilinyamaza. Maji ya mji huu yanatoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, na kila mtu anajua ukivuta sana yale ya bahari yanapenya chumvi inapanda, halafu mimi kutwa nagombana na wageni wasioge muda mrefu! Fundi alikuja jioni ileile, kumbe ni mpira tu umekwisha, hata chakula cha watoto siku moja ni ghali zaidi.

Chupa za maji pia walizihesabu wakazipanga barazani, wageni wakawa wanapiga picha. Aibu, maana wageni haohao ndio huja kuniuliza habari za Flipflopi, lile jahazi la plastiki na makandambili lililojengwa hapa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake, likashushwa majini 2018, na Januari 2019 likaenda hadi Unguja, wanaisifu huku mkononi chupa ya nusu lita. Siku hizi naweka mtungi mkubwa wa maji ya kunywa na jagi la kioo kila chumba.

Sasa shirika. Kosa kubwa ni msimu. Waliwaleta Mei, mvua za masika, kusi limeanza, Shela nusu ya hoteli zimefungwa, mimi mwenyewe nina wageni wanne. Niliwaambia mapema njooni Disemba au wakati wa Maulidi muone pipa linavyofurika, wakasema kalenda ya chuo hairuhusu. Matokeo yake ripoti inasema gesti yangu inatoa taka kidogo sana na ni mfano wa kuigwa. Mfano gani, nyumba ilikuwa tupu!

Na hiyo ripoti niliahidiwa baada ya miezi miwili, nikaipata wa saba baada ya kuwasumbua WhatsApp, pdf ya Kiingereza kurasa 60, jina la gesti limekosewa, na picha ya jikoni kwangu imo na hakuna aliyeniomba ruhusa. Nikaomba ukurasa mmoja tu wa Kiswahili niwabandikie wafanyakazi, kimya. Yule msichana wa jagi ndiye aliyenirekodia sauti ya dakika nane akanieleza yote, kwa hiari yake.

Kwa hiyo wakikupigia usikatae, ila waombe leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mkubaliane kwa maandishi nani anatumia picha na ripoti inakuja lini kwa lugha gani, na usikubali watoto waondoke kabla hawajakuachia daftari la vipimo upige picha kila ukurasa, mimi hilo daftari ndilo linalonisaidia mpaka leo, si pdf.

Juzi wamenitumia meseji, wanataka kuleta wengine Mei. Nimewajibu chumba kipo, chakula kipo, njooni Disemba. Tiki mbili za buluu tangu Jumatatu.