Matandazo ya kuku wa ndani: usinunue yanayonyonya, nunua yanayokauka

Malalamiko ya wanunuzi ni yaleyale. Mtu kabeba mfuko ulioandikwa "hunyonya mara kadhaa ya uzito wake", kaumwaga kwenye kizimba cha bantamu wake (kuku wa umbo dogo) sebuleni, na siku chache baadaye akiinama kuokota yai macho yanamwasha. Mfuko haukudanganya, matandazo yamenyonya kweli. Ila hakuna mfuko unaoandikwa yatachukua muda gani kukauka, na hapo ndipo harufu inapozaliwa.

Ile sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ni asidi ya yuriki. Ikikauka mapema, hainuki sana. Ikibaki na unyevu, bakteria huigeuza kuwa amonia, gesi ile inayowasha macho. Matandazo yanayoyashika maji tumboni yanawatunzia bakteria hao kila wanachohitaji. Katika mabanda makubwa matandazo mazuri huwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Yakipita 30 huanza kugandamana na kunuka. Sebuleni sheria ni hiyohiyo.

Kabla ya kununua mfuko mzima, omba sampuli. Weka konzi mbili kwenye sahani, nyunyizia vijiko vitatu vya maji, acha usiku kucha, kisha kamua kwa ngumi. Yakitoa maji au yakibaki donge kiganjani, yarudishe.

Ya kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni Sweet PDZ ya chembechembe. Ni zeolaiti, madini yanayonasa amonia yenyewe badala ya kuifunika kwa manukato. Usiitandaze kizimba kizima, huko ni kumwaga pesa. Kuku hunya sana usiku akiwa amelala, kwa hiyo weka trei yenye kingo za sentimita 5 chini ya ufito wa kulalia na ujaze chembechembe kimo cha sentimita 2 au 3. Kila asubuhi pitisha kijiko cha matundu. Hata kile kinyesi cha kahawia kinachonata kama gundi, kinachotoka mara chache kwa siku na kunuka kupita vingine vyote, hujiviringisha kwenye chembe na kutoka kizima. Ongeza konzi moja pale kimo kinapopungua. Usichukue ya unga: vumbi lake litaishia kwenye mapafu ya kuku na yako. Kuku akizoea kuidonoa kama changarawe, funika trei kwa wavu wa matundu mapana.

Wa pili ni mchanga mkavu wa chembe nene, uliooshwa. Haunyonyi karibu chochote, na ndiyo maana unafanya kazi: kinyesi hukaukia juu, unakichekecha. Mchanga laini wa kuchezea watoto hapana, una vumbi na hushikamana ukilowa. Kasoro yake ni uzito, na sakafu yenye baridi humpoza kifaranga.

Maranda ya msonobari yaliyokaushwa kwa tanuri ni ya tatu, na kwa sakafu ya kizimba ndiyo ningetumia: sentimita 5 hadi 8, yageuze kwa mkono kila siku, ondoa sehemu iliyolowa siku hiyohiyo. Hakikisha si mwerezi. Harufu yake tamu ndiyo mafuta yanayokera njia za hewa za ndege.

Vidonge vya mbao hunyonya kuliko vyote, kisha huvunjika kuwa unga uliolowa usiokauka. Nyasi kavu huota ukungu, magazeti huteleza, mchanga wa paka unaoganda usimwekee ndege anayedonoa kila kitu. Nepi za kuku zinafaa kwa saa mbili tatu za kuzunguka chumbani tu.

Sasa hawa wauzaji. Zeolaiti ileile iliyo kwenye gunia la kumwagwa zizi la farasi huwekwa kwenye kikopo chenye picha ya kuku, na kilo moja inakuwa ghali zaidi. Soma viambato nyuma, picha iache. Wengine wanauza "poda ya kuondoa harufu" ambayo ni magadi ya kuokea yenye lavenda. Amonia ni besi, yaani kinyume cha asidi, na magadi ni besi, hayaiui. Chokaa ni mbaya zaidi: hupandisha pH ya matandazo (kipimo cha asidi na besi), na pH ikipita 7 amonia huruka hewani kwa kasi. Ile kali ya ujenzi huunguza na nyayo. Anayekuuzia chokaa kwa ajili ya harufu ya ndani muulize kama amewahi kulala chumba kimoja na kuku.

Trei yenyewe ioshe kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Klorini usiikaribishe penye amonia, mvuke wake ni sumu.

Halafu chombo cha maji. Bakuli la wazi hushinda matandazo yoyote yaliyotajwa hapa, kwa sababu bantamu huchota, hutikisa kichwa na kumwaga. Nunua chenye chuchu, kipini kinachotoa tone kuku akikidonoa, kitundike chuchu iwe juu kidogo ya kichwa chake ili anyooshe shingo, na chini yake weka kisahani cha kudaka matone. Harufu ikirudi, inamisha pua hadi kimo cha kuku, kwa maana ukiwa umesimama pua yako imeshazoea, na anza kupapasa matandazo yaliyo chini ya chombo hicho kabla hujakimbilia dukani.